Wubshet, Mkuu wa Ubora

Sina kinyongo na Wubshet. Kinyongo huwekewa mtu wa maana. Mimi namdharau tu, basi, na namdharau kwa haki, maana nimemjua tangu alipoingia hapa Debre Birhan na sweta moja la kijani kufundisha jiografia katika chuo chetu, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mablanketi. Jiografia yenyewe ilimshinda. Mwanafunzi alimuuliza Mto Awash unaishia wapi, akajibu eti suala hilo liko muhula ujao.

Lakini alikuwa mpwa wa mke wa mwenye chuo. Serikali ilipoamuru kila mwanafunzi afanye mtihani wa taifa kabla ya kupewa shahada, na sisi mara ya kwanza tukafaulisha wanne kati ya themanini, mwenye chuo aliugua wiki nzima. Alipopona akaunda Ofisi ya Kuboresha Ubora, akamkalisha humo Wubshet. Haki ya Mariamu, nilicheka mpaka kahawa ikanitokea puani.

Mimi ni Zewditu wa mashine ya fotokopi. Kila mtihani na kila tangazo hupita mkononi mwangu, kwa hiyo upumbavu wa chuo hiki mimi huupata ungali moto.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kununua tai. Ya pili ilikuwa makundi ya watano: mwanafunzi hodari anawaongoza wenzake, wanajadili masomo kila Jumanne, wanatia saini. Makundi hayo yako nchi nzima, na penye moyo yanasaidia. Ya Wubshet hayakukutana hata siku moja. Saini zilikusanywa mlangoni watu wakikimbilia mchuzi wao wa shiro wa mchana.

Ya tatu ndiyo iliyozaa balaa. Alikaa akapiga hesabu kwamba wanaoelekea kufeli wasipofanya mtihani, chuo kitaonekana kimefaulu. Mtu mwenye kichwa angesema wafundishwe. Yeye akaamua watahiniwe jaribio, na wa chini ya hamsini majina yao yafutwe. Nikamtolea karatasi mbili, A na B, maswali yaleyale ila mpangilio mbalimbali, jirani asimchungulie jirani. Nikampa na majibu ya A mbali, ya B mbali.

Akasahihisha zote kwa majibu ya A.

Jumatatu orodha ilibandikwa. Waliofutwa walikuwa thelathini na wanane, na wote walikuwa wa B. Mtoto wa darasa la kwanza angeshtuka. Mkuu wa Ubora hakushtuka.

Kati yao alikuwamo Bizunesh wa uuguzi, binti anayesoma mpaka kwenye foleni ya choo. Kituo cha afya cha kwao Ankober kilikuwa kimemwekea nafasi, kwa sharti afaulu mtihani wa safari hii. Mwingine ni baada ya miezi sita, na nafasi haingemngoja. Alikuja chumbani kwangu.

"Etete," akaniita, kama wanafunzi wote wanavyoniita mimi mkubwa wao, "nimepata ishirini na nne."

"Hayo ni maksi au umri?"

"Usinitanie, Etete. Nitamwambia nini baba? Kauza ng'ombe wake wa kulimia."

Karatasi zilizosahihishwa Wubshet huniletea nitumie migongo yake. Nikaitafuta ya Bizunesh, nikashika majibu ya B, nikahesabu mara mbili. Themanini na moja. Nilipanda ngazi nikihema kwa hasira.

"Gashe Wubshet," nikamwita kwa heshima asiyostahili, "umesahihisha B kwa majibu ya A."

"Haiwezekani. Mimi ndiye mkuu wa ubora."

Nikamwekea karatasi mezani. Masikio yakamwiva mekundu.

"Mama Zewditu, umemwonyesha nani?"

"Mungu tu, mpaka sasa."

"Basi iishie hapo. Orodha imeshakwenda Addis."

"Orodha inarekebishwa hadi Ijumaa, tangazo nilitoa mimi mwenyewe. Irekebishe, mtoto wa watu afanye mtihani."

"Nikirekebisha watasema nilikosea."

"Kwani hukukosea?"

"Ofisi hii haikosei, mama. Inaboresha."

"Ebo! Basi nazibandika ubaoni zote, na majibu ya B pembeni. Waje wakuulize wenyewe."

Hapo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona usoni mwake miaka yote ile: anafikiri.

Ijumaa asubuhi aliwaita wale waliofutwa, akawagawia fomu. Kila mmoja akiri kwamba alikuwa dhaifu, akaingia kundi la watano, likakutana mara kumi na mbili, akapanda. Mara kumi na mbili katika siku nne! Atakayetia saini atarudishwa orodhani.

"Hilo kundi sijaliona hata kwa ndoto," Bizunesh aliniambia. "Nitie saini uongo, Etete?"

"Tia, mwanangu. Ukafanye mtihani wako."

Alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Akafanya mtihani, akafaulu, na leo anazalisha wanawake kwao Ankober. Kwa hilo namshukuru Mungu, na laiti mambo yangeishia hapo.

Wubshet aliandika ripoti: Bizunesh kapanda kutoka ishirini na nne hadi themanini na moja kwa siku nne. Mwenye chuo akaitia fremu. Wakuu wa vyuo viwili wakaja kujifunza siri, wakala kuku wetu, na Wubshet akawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa saa nzima. Hana haya wala soni.

Muhula huu akaja chumbani kwangu, akafunga mlango.

"Mama Zewditu, majibu ya B usinipe sasa. Utanipa Ijumaa."

"Unataka wafeli kwanza?"

"Nataka wapande."

"Na nikikataa?"

"Mashine hiyo hata mlinzi anaweza kuibonyeza."

Nina watoto watatu. Nikampa ya A peke yake.

Jumatatu kijana mmoja wa Menz, Ermias, mpole, wa uuguzi vilevile, aliona ishirini na mbili mbele ya jina lake. Hakuja kwangu. Hakuuliza mtu. Kabla ya adhuhuri alikuwa amefunga blanketi lake na kuondoka. Ijumaa karatasi yake ilitoka na sabini na saba. Nikampigia, simu imezimwa. Nikampigia jirani yao, akaniambia kijana ameogopa kumtazama baba yake, ameungana na wenzake kushika njia ya Djibouti kwenda Uarabuni, kwa miguu.

Nilikwenda kumwambia Wubshet. Akasema pole, kisha akanipa faili la waliopanda nitoe kopi. Ermias yumo, wa tatu, amepanda kwa alama hamsini na tano, amekutana na kundi mara kumi na mbili. Chini kuna saini yake. Mwandiko naujua, ni ule wa matangazo anayoniletea Wubshet.

Wageni wanakuja tena Jumamosi. Nimetoa kopi mia mbili.