Mwenye Fulana Nyeupe

Jumamosi nilikuwa Mtoni, kwenye duka la muvi, nikisubiri kuwekewa filamu kwenye flashi. Runingani kulikuwa na filamu nyingine, Waalbania walikuwa wanaikimbia nchi yao kwenda Italia, meli imejaa watu hadi kwenye milingoti. Sauti ya Kiswahili ilikuwa ya mwenye duka mwenyewe, maana kutafsiri muvi ndiyo kazi yake.

"Oyaa, meli inatapika abiria!" ikasema sauti yake, nasi wateja tukacheka.

Mama mmoja aliyekuja kununua vocha hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Baba, hao wanafika?"

"Usijali, mama. Steringi hafi."

"Sijakuuliza steringi. Yule wa nyuma, mwenye fulana nyeupe, anafika?"

Mwenye duka akasimamisha picha, akasogea karibu na kioo. Filamu nzima kaitafsiri yeye, lakini fulana nyeupe ndiyo kwanza anaiona.

"Kwani vipi, mama?"

"Mwanangu kapanda boti huko Libya. Miezi mitatu sasa, simu yake haipatikani."

Mwenye duka akaiachia filamu iendelee. Sasa sote tulikuwa tunamtafuta mwenye fulana nyeupe. Kamera ikamfuata steringi, shujaa wa filamu, mpaka bandarini, akakumbatiwa na mchumba wake, filamu ikaisha.

"Amefika, mama," akasema mwenye duka, macho yakiwa kwenye kompyuta.

Mama akatugeukia. "Nyie mmemwona akishuka?"

Tukaitazama tena runinga. Wanaotengeneza filamu hutafuta watu wengi wa kujaza meli. Mtu wa kuwahesabu wakishuka, hawamtafuti.