Supa kwa Gari la Bwana Harusi

Enzi hizo magari bado ya kuhesabika Tanga, nilikuwa mtia mafuta kituo cha petroli Pongwe. Akaingia bwana harusi ananukia udi, yuko na gari kuukuu la mjomba wake, anakwenda Maramba. Baba mkwe kasema asipofika kabla ya alasiri, leo hapewi mke.

"Nitilie supa, ile petroli ya bei kali, gari liruke!"

Shule niliikimbia, lakini kwa injini msinifundishe. Nikamwambia, "Bwana harusi, supa ni ya injini zenye mgandamizo mkubwa. Hii yako haitajua hata imekunywa nini."

"Hasidi wee! Tia!"

Nikatia. Akaondoka kwa mwendo ule ule wa kila siku, anausukuma usukani kwa kifua.

Jioni wakapita, bibi harusi nyuma na somo wake aliyemfunda. Gari linajikongoja vile vile, ila dereva sasa hana haraka hata kidogo.