Mawimbi Ndani ya Jiwe la Kisima

Nakumbuka siku lile jiwe lilipotoka kisimani, mwanangu. Nilikuwa msichana wa shule hapa mjini Likasi, na jina langu Odia. Baba alikuwa amejenga nyumba yetu ya mtaa wa Kikula tofali kwa tofali, kwa mikono yake. Nyumba ilikuwa nzuri, ila maji yalikuwa mbali. Mama alikuwa mjamzito, na kila asubuhi alishuka kijitoni na ndoo, akapanda kilima akihema. Baba akaapa kisima kitachimbwa kabla mtoto hajazaliwa. Akamwita mdogo wake, baba mdogo Kasongo, mtu wa kifua kipana na kicheko kikubwa, naye ndiye aliyekuwa akishuka shimoni kwa kamba.

Kazi yangu ilikuwa kumwaga ule udongo uliopandishwa. Kwanza ulitoka udongo mwekundu, huu huu unaochafua soksi zenu. Chini yake zikaja kokoto za mviringo, laini kama mayai ya njiwa. Halafu sururu ikalia ngaa! Jiwe. Baba mdogo akalipiga hata likabanduka bamba moja pana, tukalivuta juu. Nikalimwagia maji, nikalisugua kwa kiganja. Mwanangu! Jiwe zima lilikuwa na mawimbi. Mistari midogo iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kana kwamba mtu amepitisha vidole kwenye unga.

Nilipiga kelele, majirani wakajaa. Mama Ngoie, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa sala aliyetupenda sana, akashika kifua.

"Bwana Yesu! Nani alishuka kuchora hii mu chini ya udongo? Baba Odia, mufunike hii shimo. Iko na benyewe." Alimaanisha mizimu.

Baba mdogo, yule simba, akafungua kamba kiunoni, akamwambia kaka yake: "Yaya, miye siingie tena mule."

Baba akamtazama mama, akalitazama tumbo lake, akachukua koleo aanze kurudisha udongo. Nilitaka kulia. Moyoni nilijua kitu kizuri namna ile hakiwezi kuwa kibaya, lakini nani angemsikiliza msichana?

Bahati njema, mchana ule alifika dada mkubwa wa baba, shangazi tuliyemwita Tantine Ngalula, aliyekuwa akifundisha jiografia shule ya sekondari. Alipoliona jiwe, hakusalimia mtu. Alipiga magoti kwenye matope na pagne yake mpya ya kitenge, akacheka kwa furaha kama aliyepokea mgeni wa siku nyingi. Kisha akamgeukia baba.

"Weye, mudogo yangu, unafunga kisima juu ya woga? Mugeni akifika kwako, unamufukuza kwa sababu ya sura? Unamukalisha, unamuuliza: unatoka wapi? Hii jiwe, umeiuliza?"

Baba akaweka koleo chini. Wazee walisema kuuliza si ujinga, na baba hakuwa mtu wa kubishana na dada yake.

Kesho yake tukapanda taxi-bus, Tantine, baba, baba mdogo na mimi, hadi upande wa Koni, tukashuka kwa miguu mpaka ukingo wa mto Lufira, mahali maji yanapotulia. Tantine akaniambia nivue viatu niingie. Nikainama nitazame nyayo zangu. Chini ya maji, juu ya mchanga, yalikuwepo! Mawimbi yale yale, mistari ile ile! Nikaruka, nikamwagia kila mtu maji. Baba mdogo aliingia na suruali yake, akapitisha kidole kwenye mchanga polepole, na sauti yake ikawa ndogo: "Njo yenyewe. Ni mayi ilichora." Kweli, maji ndiyo yaliyochora.

Hapo ukingoni Tantine akatufungulia siri. Milima, alisema, haidumu kama tunavyodhani. Jua huipasua, mvua huilamba, mizizi hupenya nyufa. Bandu bandu huisha gogo, na milima nayo ni hivyo hivyo. Vipande huanguka mtoni na kuanza safari. Vinagongana njiani, vinapoteza pembe zao. Ndiyo maana kokoto zetu za kisimani zilikuwa za mviringo, zilikuwa wasafiri! Mto ukiwa na nguvu hubeba vyote. Ukichoka, hutua kwanza mawe mazito, halafu mchanga, na mwisho kabisa tope laini, ambalo husafiri mbali mpaka maji yasimame.

"Na inageukaka jiwe namna gani?" nikauliza.

Akachota mchanga, akaufinya mkononi. Tabaka hulalia tabaka, akasema, haba na haba, hata zile za chini zinabanwa na uzito. Kisha maji yenye chokaa na madini hupenya katikati ya chembe, yanaacha gundi yake, na chembe zinashikamana. Miaka yake hakuna babu wa babu awezaye kuihesabu. "Pale Kikula palikuwa mayi, Odia. Mbele ya bantu wote kuzaliwa. Weye ulishika muchanga ya chini ya mayi ya zamani sana."

Mwanangu, nikatumbukiza mikono tena kwenye mchanga ule. Baba alikuwa akicheka peke yake kwa ajili ya kiwanja chake, akirudia: "Mu parcelle yangu! Mu parcelle yangu!"

Sasa Tantine hakuahidi maji. Alisema tu kwamba jiwe la mchanga lina nyufa, maji hupita humo hadi yakutane na tope lililogeuka jiwe, yanakomea hapo. Kwa hiyo tumaini lipo. Kesho yake asubuhi baba mdogo alijifunga kamba mwenyewe. Mama Ngoie alikuja akamwombea kwa sauti, na Tantine akaitikia amina kuliko wote. Nyundo na mtaimbo vikalia siku baada ya siku. Tulikuwa tumeanza kukata tamaa, ndipo sauti ikapanda kutoka chini, imepasuka kwa furaha:

"Mayi! Yaya, mayi inakuja!"

Mama aliketi chini akacheka huku machozi yakimtoka. Mama Ngoie akaanzisha wimbo, na mtaa mzima ukaitikia. Mdogo wangu alipozaliwa, aliogeshwa kwa maji ya kisima kile.

Basi sikia, wewe unayenisoma. Utakutana na mambo usiyoyajua, na watu watakuambia ufukie haraka. Usifukie. Usimdharau anayeogopa pia, kwani woga wake mara nyingi ni upendo. Mshike mkono muende naye kutazama. Kila kitu kilicho mbele yako, jiwe, jirani au shida, kimetoka mahali na kimepita njia. Kiulize njia yake kwanza, ndipo ukihukumu.

Mungu akupe macho yasiyochoka kushangaa, akupe mtu mzima wa kukujibu bila kukukaripia, na siku utakapokuwa mtu mzima, akuletee mtoto mwenye maswali mengi. Amina, mwanangu.