Karani wa Sadaka na Jeneza la Msikiti

Karani wa mfuko wa sadaka alikuwa na vidole laini kama pamba, na kila barua ya ombi aliibonyezabonyeza kwanza kama anayechagua nyanya sokoni. Sauti haikumpanda abadani. Madrasa wakitaka mikeka, alisema, "Nimwone atakayeikalia." Wengine wakitaka kisima, "Nimwone atakayeyanywa hayo maji." Imamu naye akaja kuomba jeneza jipya la msikiti, la zamani limevunjika mguu.

Karani akabonyeza, akaguna. "Sheikh, aliyebebwa nalo mwisho aje mwenyewe, aeleze kasoro."

Imamu akajibu, "Huyo haji, mwanangu."

"Hata kama yuko mbali, nitamfuata mimi."

"Inshallah," akasema imamu kwa upole. "Ndiyo maana tunataka lililo zima."