Pembe ya Kanga Iliyopanda Mlima

Wengine wakisikia harufu ya kafuri hufikiri mauti. Mie humfikiri Bi Jaya. Najua ni ajabu. Kwetu kafuri ni ya kuoshea maiti, nyumba ikinuka hivyo unajua kuna msiba. Lakini Bi Jaya, mke wa muuza viungo pale mjini kwetu Ibra, Omani, akiichoma kila asubuhi mbele ya mungu wake mdogo wa shaba, kisha akija kwetu kunywa kahawa na nguo zake bado zinanukia. Bibi yangu, Bi Zuwena, akimpokea kwa utani ule ule: "Karibu, shoga. Leo umemzika nani?"

Walikuwa majirani tangu Unguja, ukuta kwa ukuta, wasichana wote wawili. Mambo yalipochafuka na kila mtu akashika njia yake, walikata doti moja ya kanga wakagawana, kila mmoja kipande chake. Ilikuwa nyekundu, imeandikwa: Kuagana si kusahauliana. Miaka ikapita. Siku moja Bibi yupo sokoni Ibra, anasikia mwanamke wa Kihindi anamgombeza mumewe kwa Kiswahili cha Mjini, maneno yote makali yako mahala pake. Alisema hakuhitaji hata kugeuka, alishamjua.

Kanga ya Bi Jaya ilikaa sandukuni, haikupata kuvaliwa hata siku moja. Ya Bibi ilivaliwa mpaka wekundu wake ukapauka kama mchuzi uliotiwa maji. Akisali nayo, akilala nayo, na kila tulipoletewa habari za Unguja akifutia machozi hiyo hiyo. Mie nimezaliwa Omani, Unguja kwangu ilikuwa hadithi tu, lakini nilimpenda Bibi na kile kilio chake kikinichoma. Nilitaka arudi, hata mara moja, akaione nyumba yao. Baba kila mwaka akisema, "Inshaallah mwakani." Mwakani haikufika.

Nilikuwa na miaka tisa Bi Jaya alipojiandikisha kwenye msafara wa Wahindi wa kwenda kuuzuru mlima wao mtakatifu, huko Gujarati. Mlima wenyewe ngazi tupu, maelfu, na wazee wengi hupandishwa kwa machela. Bi Jaya hakutaka kusikia. "Machela watanibebea siku nikifa. Mie n'takwenda kwa miguu yangu!" Basi kila baada ya alasiri akivaa raba za mumewe chini ya sari, tukapanda kile kilima chenye mnara nyuma ya mji, mie nyuma yake na chupa ya maji. Akihema, akimwita Mama wa mlimani, mungu wao wa kike, akiwalaani waliojenga mnara juu kote kule. Tukifika tukakaa kwenye mawe ya moto kutazama mitende chini. Hapo ndipo aliponambia kwamba huko kwao mlimani upo mti, watu huufunga kitambaa wakaomba haja zao.

Akili zangu za kitoto zikaona dawa imepatikana. Siku ya kuondoka kwake, Bibi yumo anaoga, nikachukua mkasi nikakata pembe ya kanga yake, pana kama kiganja, nikakimbia nayo.

"Bi Jaya, nifungie hii kwenye mti. Bibi arudi Unguja."

Alikitazama kile kipande muda mrefu, akakitia kifuani. Nikadhani anafikiria zile ngazi.

Bibi alipoona, lo! "Nani kanikatia kanga yangu?" Nikasema panya. "Panya wa Ibra siku hizi wanashika mkasi?" Nilingoja bakora, haikuja. Alikaa chini akalia, na kanga ameikumbatia. Na kama haitoshi, juma lile lile mwalimu wa madrasa akatusomesha habari za shirki. Nikaona nimekwisha. Nimeiharibu kanga, nimemwombea Bibi kwa mungu wa watu, na akijua kipande kiko wapi hatasema tena na Bi Jaya maisha. Shoga mwenyewe anaye huyo mmoja tu. Wiki tatu nzima nikazihesabu siku za msafara kurudi.

Bi Jaya akarudi anachechemea, kaungua na jua, furaha tele. Hakunipa nafasi ya kufungua mdomo. Akatoa kipande kifuani, kinanuka kafuri. "Shoga, mtoto usimpige. Kanipa kwa mapenzi yake. Nimekipandisha, nimekishusha, sikukifunga popote." Akaomba sindano na uzi, akakishona pale pale. Kilikuwa chekundu kushinda kanga yote. Nami nikastaajabu: kumbe mlima ule unatakasa hata nguo!

Bibi akaipapasa ile pembe kwa kidole gumba, polepole, akamtazama mwenziwe. Mie nikaambiwa, "Haja zangu nazipeleka mwenyewe juu ya msala wangu, umesikia, Thuraya?" Kisha akamgeukia Bi Jaya. "Kaa, shoga. Kahawa inapoa."

Bibi hakurudi Unguja. Alipofariki tulimwosha kwa kafuri, na Bi Jaya akakaa na wanawake wetu toka asubuhi mpaka magharibi. Baadaye duka likafungwa, akahamia kwa wanawe Gujarati.

Mwaka huu bintiye, Hansa, kaniletea mzigo kwa mkono wa msafiri, na kikaratasi. Mama ametutoka, kaandika, na kasema hii ni yako. Nikafungua, kafuri ikanipiga puani. Kanga nyekundu, mpya kabisa. Pembe moja haipo.

Nikaitoa ya Bibi nikazilaza pamoja kitandani. Kile kiraka chekundu kilikuwa cha kanga hii. Kwenye kikaratasi Hansa kaeleza yote: Bi Jaya alikifunga kipande cha Bibi kwenye mti, akaomba warudi Unguja wote wawili, hata kwa siku moja. Kisha akaogopa shoga yake atachukia, na mtoto atapigwa, akakata chake katika kanga yake ya sandukuni.

Nimelia kama mtoto. Nilikuwa sijui kwamba na yeye akiililia Unguja. Miaka yote ile nilimwona akicheka tu. Lakini Bibi alijua. Mtu aliyeivaa kanga ile maisha yake yote, kidole gumba kitamdanganya? Alijua yote palepale, na alichosema ni kahawa inapoa. Laiti angekuwapo leo mmoja wao, japo mmoja, nikamwambia kwamba na mie sasa nimejua.