Mkono Ambao Muuguzi Hakuupokea

Muuguzi wa zahanati yetu hapa Nangara husema "samahani" kila anapokula kete ya mpinzani, kwa sauti ileile anayoitumia kabla ya kuchoma sindano. Kucha zake ni fupi, na kete aliyoila huisimamisha kando taratibu, hailazi. Ndiye anayeshikilia kombe la sataranji la wanawake wa Babati. Jumamosi, katika raundi ya kwanza, alipangiwa Philomena, binti wa Sigino aliyejifunza mchezo huo mwaka huu. Anayefungwa anatoka mashindanoni.

Haikuchukua muda Philomena akabaki na kete chache. Akanyoosha mkono kukubali kushindwa. Muuguzi hakuupokea.

"Bado hujafungwa, mdogo wangu. Tazama tena."

Mwamuzi akamwonya asizungumze. Philomena akaukodolea macho ubao, machozi yakimlengalenga, mwishowe akasogeza farasi, na farasi huyo akamtisha mfalme na malkia kwa pamoja. Muuguzi akampoteza malkia, na baadaye mchezo.

Nje nilimuuliza kwa nini hakunyamaza.

"Yule farasi nilishamwona," alijibu, akijifunga kitenge. "Nikashindwa kujifanya sijamwona."