Mto wa Samoni Ambao Mama Hakuufikia

Habari ya mto ule ilianzia kwa dada yangu anayeishi Kanada. Alitupigia simu Jumapili tulipotoka misa, akasema karibu na mji wake kuna mbuga yenye msitu na mto, na kila mwaka baridi ikikaribia samaki wakubwa, samoni, hutoka baharini na kuupanda mto mpaka kule walikozaliwa. Wakishataga mayai wanakufa.

“Mama, nataka ukuje uone. Safari iko juu yangu.”

Mama alikuwa jikoni kwetu Butembo, anachambua maharagwe.

“Banakufa bote?” akauliza.

“Bote, mama.”

“Na banapanda tu?”

Dada akacheka. Mama hakucheka.

Sisi si wenyeji wa Butembo. Tulikulia upande wa Oicha, kwenye shamba la kakao pembeni ya msitu, tukakimbia baba alipouawa na waasi humo shambani. Tangu hapo mama hakutaka kusikia habari ya msitu. Kwa hiyo nilishangaa alipokubali.

“Nataka kutembea mu pori, hata siku moja, bila kuangalia nyuma,” aliniambia.

Tulijipanga miezi mingi. Tulitafuta pasipoti, sweta nzito na viatu vya baridi vya mitumba. Jioni alitaka nimwonyeshe picha za mbuga ile kwenye simu: miti mirefu, madaraja ya mbao, watoto wameinamia maji. Aliuliza kama watu huingia humo bila askari.

Ikabaki kwenda Kampala kutoa alama za vidole kwa ajili ya viza. Tulifika Beni, tukalala kwa mama mdogo. Asubuhi gari letu halikuondoka: magari yalikuwa yamechomwa kwenye barabara ya Kasindi, ile ya kwenda mpakani, na watu wamekufa. Tulingoja, mpaka magari yakaanza kupita tena yakisindikizwa na askari. Nikabeba mifuko. Mama alibaki kitini, sweta magotini.

“Mama, gari inangoja.”

“Miye hapana kwenda.”

“Lakini banasema njia iko muzuri sasa.”

“Hata asubuhi ile ya baba yako balisema njia ya shamba iko muzuri.”

Nikaweka mifuko chini. Tulirudi Butembo.

Samoni walipoanza kupanda, dada alikwenda mtoni peke yake, akatupigia simu ya video. Kwetu ilikuwa jioni. Niliona maji meusi kati ya miti, na samaki wekundu wenye mapezi yaliyochanika wakijitupa juu ya mawe, wengine tayari wamelala ukingoni, midomo wazi. Mama alitazama kidogo, akaenda kitandani, akajifunika, akageukia ukuta.

“Munaona?” dada aliuliza. “Mama anaona?”

“Tunaona,” nilisema, nikaendelea kuishika simu.